Papa Honoré na Darubini ya Kutazamia Ng'ombe wa Mahari

Kuna watu wanaojua ng'ombe kwa sababu wanawafuga, na wengine wanawajua kwa sababu wanawala. Papa Honoré wa mtaa wa Nguba hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na nyama aliionja Noeli na Pasaka, lakini hakuna binti wa avenue yetu aliyeolewa kabla yeye hajaenda kumtazama ng'ombe wa mahari. Alikuwa infirmier, muuguzi wa wanyama, kwa miaka ishirini na sita enzi za serikali iliyolipa, na miaka tisa mingine enzi za serikali iliyoahidi. Alichanja ng'ombe wa Walungu, wa Kabare, mpaka wa Luhwindja kule juu kwenye dhahabu. Alipoacha kazi alitoka na koti moja jeusi, miwani yenye mguu mmoja wa waya, na vidole.

Vidole ndivyo vilikuwa diploma yake. Wakwe wakimsifu ng'ombe wao, "Huyu amezaa mara moja tu, bado msichana," Papa Honoré alikunja mikono ya koti. Alishika pembe, akafunga macho, akapitisha kidole kuanzia kwenye shina, taratibu, kama kipofu anayesoma barua ya mapenzi. Kila ndama anayezaliwa huacha pete moja kwenye pembe ya mama yake. Mkwe anaweza kusema uongo, na ushuhuda wa kanisani unaweza kutiwa chumvi, ila pembe hakuna aliyewahi kuifundisha adabu hiyo. Akimaliza kuhesabu anafungua macho na kusema neno moja: "Nimemuona." Kabla ya neno hilo hakuna tarehe ya harusi, hata kama bwana harusi ameshapima suti na kulipia viatu.

Sasa shida ilianzia kwenye vidole hivyo hivyo. Mwaka 2000 vilianza kutetemeka, kidogo tu. Papa Honoré akasema ni baridi. Kikaja kiangazi, akasema ni vumbi. Noeli ya mwaka uliofuata alipelekwa Kabare kumtazama ng'ombe mmoja mweupe, mpole kama sista. Aliposhika pembe, vidole vilicheza chini ya sikio, ng'ombe akatekenyeka, akaruka, akapita katikati ya shamba la maharage akiivuta kamba, na kwenye mwisho wa kamba alikuwa tonton, ami wa bwana harusi, amevaa tai. Harusi ilifungwa, lakini kicheko hakikufungwa. Januari 2002 volkano ya Goma ilipomwagika na ardhi ya Kivu ikawa inatikisika ovyo, Papa Honoré alisikitika na watu wote, halafu kimya kimya akashukuru, maana sasa alikuwa na sababu yenye moshi.

Mambo yakiwa hivyo, Nsimire, binti wa avenue yetu, akapata mchumba, Aganze.

Mama yake, Maman Marie-Louise, ni sekretere katika ofisi moja ya Kanisa, mwanamke anayepiga mashine kwa vidole kumi na kusema na watu kwa kimoja. Alimwita Papa Honoré sebuleni kwake, na Papa Honoré alipoingia akamkuta Gérard ameshakaa. Gérard ni binamu wa Marie-Louise, bucher, muuza nyama wa Kadutu. Anajua ng'ombe vizuri sana, kuanzia pale wanapokufa.

"Papa Honoré," Marie-Louise akaanza, "weye ni muzee wetu. Lakini safari hii Gérard atakwenda pamoja na weye. Macho ine inapita macho mbili."

"Ataangalia nini? Filet?"

Gérard akacheka, kwa sababu mwenye mikono mitulivu ana nafasi ya kucheka. "Papa, miye niko naenda paka kuangalia tu. Ukisema neno na likuwe wazi, sawa. Lisipokuwa wazi, nitasema langu."

"Na akisema lake," Marie-Louise akamalizia bila kuinua macho, "njo atakuwa anatuangalilia ng'ombe tangu siku ile. Avenue nzima imekubali. Usikasirike, papa."

Papa Honoré hakukasirika. Aliweka mikono chini ya mapaja yake akaikalia. Mke wake, Maman Adélaïde, alisema baadaye kwamba aliporudi nyumbani hakuvua koti mpaka wakati wa kulala. Mtu aliyestaafu mara moja anajua inavyouma. Mara ya pili hakuna hata barua ya kukushukuru.

Na ng'ombe mwenyewe hakuwa wa kufikika. Mjomba wa bwana harusi, Papa Apollinaire, direkteri wa shule ya msingi, alikuja kueleza, na akieleza huwa anaeleza kama kuna inspekta nyuma ya darasa. Familia yao ilimficha ng'ombe kisiwani Idjwi, kwa mama mzee wa Apollinaire mwenyewe, karibu na maji, sababu huku nchi kavu barebeli, yaani waasi, na wanaopigana na barebeli, na wanaodai hawapigani na mtu, wote walikuwa wanapenda nyama.

"Lakini kushuka hatushuki," Apollinaire akasema. "Yulu ya kilima iko posti ya basoda na bunduki zao. Makoti tatu yakishuka mu boti kuangalia ng'ombe moja, basoda watajua ule ng'ombe ni mutu mukubwa. Mangaribi watakuja kumuangalia na wao, na pilipili."

"Sasa tutamuona namna gani?"

"Kila siku saa ine ya asubuhi anashuka kunywa maji. Tupite mu pirogue, mutumbwi, sawa wavuvi. Tutamuona tokea mu maji."

Papa Honoré akauliza polepole: "Na pembe? Nitaishika na nini? Na ndoana?"

Hapo Marie-Louise akamkumbuka mzungu mmoja aliyewahi kupita ofisini kwao, mtu wa kutazama ndege, ambaye kwa darubini yake alikuwa anahesabu manyoya ya korongo aliye upande wa pili wa ghuba. Kama darubini inahesabu manyoya, akasema, itashindwaje na pembe?

Basi siku iliyofuata wakaenda watatu, Marie-Louise, Papa Honoré na Gérard, nyumbani kwa Maman Cibalonza, nyumba ya tano kwenye avenue hiyo hiyo. Cibalonza alikuwa anapeleka vikwembe, yaani vitenge, Kamituga na kurudi na dhahabu kwenye pindo la sketi. Dhahabu inaenda Dubai, na kutoka Dubai zinarudi redio, pasi, saa za ukutani, na vitu ambavyo mwenyewe hakujua vinafanya kazi gani mpaka mteja amweleze. Marie-Louise aliingia na sufuria mkononi.

"Maman, umekuja kunipikia?"

"Nimekuja kutafuta jumelle, ile darubini. Hii sufuria njo mita yangu. Ile itaingia humu, bugali ikae yulu yake, na kifuniko kifunge, njo ile tunabeba. Ku port banapekua mpaka mu soksi."

Cibalonza alifungua kabati la vioo akatoa tatu, akazipanga juu ya meza.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi, imevikwa mpira, ina mkanda wa kijani. Papa Honoré aliinyanyua kwa mikono yote miwili ikamvuta mbele kama mbuzi mkaidi. Vitu vilikuja karibu kweli, lakini uzito ulizidisha mtetemeko, na aliona ziwa likichemka.

"Hiyo," Cibalonza akasema, maana ana kasoro moja ya biashara, anapenda utani kuliko kuuza, "ukiivaa ku bariere ya basoda, hawakuulizi carte d'identité. Banakuuliza uko wa brigade gani."

Wakaiweka kwenye sufuria. Kifuniko kilikaa juu yake kama kofia ya askofu.

Ya pili ilikuwa ndogo, ya kukunja, inaingia kwenye mfuko wa shati. Gérard akaipenda papo hapo, akajitazama nayo kwenye kioo. Papa Honoré akaiweka juu ya miwani yake, hakuona kitu isipokuwa kope zake mwenyewe. Akavua miwani. Sasa aliona duara dogo lenye giza, sawa na kuchungulia ndani ya bomba, na ndani ya duara nyumba ya jirani, Papa Guy, ikiruka juu na chini.

"Nyumba ya Guy iko natetemeka," akasema.

Wote wakageukia dirisha. Nyumba ya Papa Guy ilikuwa imetulia pale ilipojengwa.

"Ni volkano," Papa Honoré akaongeza.

"Volkano iko Goma, papa," Gérard akasema.

"Mizizi yake iko huku."

Ya tatu ilikuwa na unene wa kitabu cha misa. Ilikuwa nzito kuliko ya pili, lakini mtu anaweza kuishika kwa mkono mmoja. Ilikula pile mbili za kawaida, zile za redio ndogo, ambazo hata muuza karanga anazo. Raba za machoni zilikunjwa nyuma, na miwani ya Papa Honoré ikakaa vizuri bila kuvuliwa. Juu yake kulikuwa na kifungo kimoja.

"Hii banasema ni ya batu ya bateau," Cibalonza akaeleza. "Mawimbi inakutikisa, picha yeye anabakia. Jaribu, papa. Finya pale."

Papa Honoré akaielekeza kwa Papa Guy. Nyumba ikaanza kucheza kama mwanzo. Akafinya.

Nyumba ikasimama. Ilisimama ghafla, kama mwanafunzi aliyesikia jina lake. Akaona kamba ya nguo na vibanio vyake kimoja kimoja. Akaona jani la mgomba na mchubuko wake. Na nyuma ya jani akamwona Papa Guy mwenyewe, aliyetangaza mbele ya parokia nzima kwamba ameacha kasiksi, pombe ya ndizi, mpaka Pasaka, amechuchumaa na kibuyu kati ya magoti, mrija mdomoni.

"Unaona nini?" Marie-Louise akauliza.

"Naona Kwaresima."

Lakini hakucheka. Alibaki pale dirishani muda mrefu. Kwa miaka miwili hakuna kitu kilichokuwa kimesimama mbele ya mikono yake. Kijiko, ufunguo, rozari, vyote vilikuwa vinamkimbia. Aliachia kifungo, Papa Guy akaruka. Akafinya, Papa Guy akatulia na kunyonya. Aliachia na kufinya mara nne au tano.

"Na ile kifungo ni ya nini?" Gérard akauliza.

"Ya kufungua na kufunga, sawa ya redio," Papa Honoré akajibu haraka.

Cibalonza akaitazama mikono ya mzee, halafu akatazama dari, ambayo haikuwa na kitu. "Njo vile," akasema. "Ya kufungua na kufunga."

Iliingia kwenye sufuria, kifuniko kikafunga, na nafasi ya bugali ikabaki. Marie-Louise akafungua pochi, lakini Papa Honoré akamzuia: chombo cha kazi hununuliwa na mwenye kazi. Kesho yake baiskeli ya Papa Honoré, aliyokuwa hajaipanda kwa miaka miwili, ilionekana imeegemezwa kwenye ukuta wa Cibalonza, na hakuna aliyeuliza.

Jumamosi wakaenda bandarini alfajiri. Kumtazama ng'ombe wa mahari ni sherehe, na kwenye sherehe koti ni lazima. Lakini wavuvi hawavai makoti. Kwa hiyo walivaa yote mawili, koti ndani, gunia la plastiki la mvua nje. Wavuvi watatu wenye kola nyeupe, Papa Honoré, Gérard na Papa Apollinaire, na nyuma yao Marie-Louise na sufuria. Mwenye pirogue, Akonkwa, aliwaangalia akasema kwamba samaki wakiwaona watafikiri wamekuja kubatizwa.

Askari wa bandarini akafunua sufuria.

"Maman, hii ni nini?"

"Bugali, mwanangu."

Akaingiza vidole vitatu. Gérard akaanza kuhesabu milima. Askari akachota tonge, akameza, uso wote ukajikunja kuelekea puani.

"Imechacha hii!"

"Ni ya juzi. Wavuvi hawachagui."

Marie-Louise aliipika juzi kwa makusudi, kwa sababu Cibalonza alimwambia mvuke wa bugali ya moto ni adui wa vioo. Askari akapangusa vidole kwenye plastiki ya Gérard. "Munakula hii?"

"Ni vita, mwanangu."

"Pole, maman," askari akasema, na kwa kweli alionekana kuwaonea huruma. Akawaruhusu.

Walifika upande wa Idjwi saa nne ikikaribia. Akonkwa akazima moteri na kutupa wavu. Kutoka hapo mpaka ufukweni palikuwa kama nusu ya kiwanja cha mpira. Juu ya kilima kweli kulikuwa na kibanda, na mbele ya kibanda mtu mmoja anaota jua na bunduki magotini. Upepo ulikuwa umeamka. Pirogue ilipanda na kushuka.

Ng'ombe akashuka njia ya mgombani na mchungaji wake. Alikuwa mwekundu wa udongo, pembe ndefu, anatembea bila haraka.

"Muangalie!" Papa Apollinaire akanong'ona, na kunong'ona kwa direkteri kunasikika mpaka darasa la sita. "Muangalie ile ngozi! Amezaa mara moja tu. Ni binti!"

Marie-Louise akachimba bugali, akatoa mfuko wa plastiki, akatoa darubini, akampa mkubwa kwanza. Papa Honoré akaweka viwiko kwenye magoti. Kidole chake cha shahada kikatafuta kifungo. Midomo ilikuwa inacheza kidogo, bila sauti. Akatazama mpaka ng'ombe alipoinua kichwa kutoka majini, akatazama tena alipogeuka. Kisha akampa Gérard.

Gérard akatazama. Hakufinya, kwa nini afinye, darubini ilikuwa imeshafunguliwa.

"Naona... ngoja. Naona maji. Naona mbingu. Ng'ombe anapanda, anashuka." Akajishika vizuri. "Ngozi inang'aa. Matako imejaa. Ni kijana ule. Amezaa mara moja."

"Bucher anajua!" Apollinaire akasema.

"Papa Honoré?" Marie-Louise akauliza.

"Ine."

"Ine nini?"

"Pete ine. Amezaa mara ine."

Apollinaire akasimama, pirogue ikalala upande, akakaa. "Mara ine! Muzee, unatukana familia yetu mu maji?"

"Papa, kweli," Gérard akasema, "tuko mu mawimbi, mbali hivi, na mikono yako..."

Neno lilikuwa limeshatoka. Marie-Louise akaitazama mikono hiyo, nayo ilikuwa magotini, inafanya kazi yake ya kutetemeka mbele ya watu wote. Papa Honoré hakutaja volkano.

"Mukipiga kelele," Akonkwa akasema kutoka nyuma, "ule soda mwenye bunduki atashuka kununua samaki, na hatuna hata sambaza moja."

Wakashusha sauti, wakaendelea kugombana kwa macho. Nani asingemwamini Gérard? Kijana, bucher, mikono kama nanga. Papa Honoré angeweza kunyamaza na kubaki muzee aliyekosea mara moja, kwa ajili ya mawimbi, kosa la heshima. Nsimire angepewa ng'ombe mkongwe kwa jina la ng'ombe kijana, na mwaka ambao hazai tena ugomvi ungeanza. Au angesema kile kifungo ni cha nini, na akishasema, vidole vilivyomlisha na kumpa jina vingekuwa vimekufa rasmi, na mashahidi wanne. Kwenye pirogue hakuna mlango wa tatu.

Akamsogelea Gérard kwa magoti. "Nipe kidole chako."

"Kidole?"

"Cha shahada. Weka hapa." Akakishika kidole cha kijana kwa vidole vyake vinavyotetemeka, akakiweka juu ya kifungo. "Si ya kufungua na kufunga. Nilikudanganya. Ni ya mutu mwenye kutikisika. Mawimbi yakimtikisa, ao mikono yake. Yangu inatetemeka tangu miaka mbili, na si baridi. Siwezi kushika pembe tena. Hii njo inanishikia. Finya."

Gérard akafinya.

"Bikira Maria," akasema.

"Ng'ombe iko wapi?"

"Amesimama. Papa, *amesimama*! Naona mpaka nzi."

"Wacha nzi. Shina la pembe. Hesabu."

"Moja. Mbili. Tatu..." Akangoja. "Ni tatu, papa."

"Ya ine iko nyuma ya sikio. Mungoje apige nzi."

Wakangoja, watu wazima watano wakimsubiri ng'ombe atikise sikio, na ufukweni mchungaji akijiuliza wavuvi gani hawa wasiotazama wavu. Ng'ombe akapiga nzi.

"Ine," Gérard akasema kwa sauti ndogo. Akaishusha darubini, akampa Marie-Louise, akamwongoza kidole. Yeye naye akahesabu, polepole, kama anayesoma barua mara ya pili kabla ya kuipiga muhuri. Halafu akamgeukia Papa Apollinaire.

"Direkteri muzima!"

Apollinaire alikuwa ameketi chini ndani ya pirogue, koti linavuja chini ya plastiki. Mara hii hakueleza kama mbele ya inspekta. Yule ng'ombe kijana aliyezaa mara moja alikuwepo kweli, akasema. Alikuwa Kalehe, si Idjwi. Mwezi wa kumi na moja wakaja watu na bunduki, wakamla siku moja, na ngozi wakaikalia. Huyu ni wa mama yake, wa mwisho. Mama mwenyewe ndiye aliyesema mjukuu wake Aganze asikose mke kwa sababu ya tumbo la basoda. "Niliogopa mutasema apana," akamaliza. "Mutoto amekwisha kupima suti."

Upepo ukavuma. Marie-Louise alikuwa na mambo mengi ya kusema, ilionekana shingoni, lakini kulikuwa na mtu wa kusema kwanza.

"Papa Honoré," akasema, "sema."

Papa Honoré akaomba darubini, akatazama tena: miguu, kiwele, mgongo, macho. Hakuharakisha. Gérard alikuwa amemshika bega pirogue isimtupe.

"Ni muzee kuliko walivyosema, na kijana kuliko miye. Kiwele muzima. Kwato muzima. Atazaa tena mara mbili, tatu kama wanamuacha. Hawa wakwe wanasema umri wake wa kweli mbele ya batu wote, siku ya dote, siku ya mahari, na wanaongeza mbuzi jike ju ya uongo. Na ule maman wa Idjwi, ndama wa kwanza anarudi kwake, sababu hakuna anayebakia bila kitu mu mikono." Akaishusha. "Nimemuona."

Apollinaire akakubali kabla rangi ya mbuzi haijatajwa. Akonkwa akavuta wavu, na humo, kwa aibu ya wote, kulikuwa na samaki.

Njia nzima ya kurudi Marie-Louise hakumsemesha Papa Honoré. Mzee akaelewa anavyoelewa. Jumapili, baada ya misa, aliipangusa darubini, akatoa pile, akaifunga kwenye kitambaa ampelekee Gérard. Kabla hajavaa viatu, Marie-Louise akaingia, na Gérard nyuma yake.

"Unaenda wapi na ile kitu?"

"Kuipeleka kwa mwenye kazi. Nilisema mbele yenu vidole vimekwisha."

"Papa," Marie-Louise akasema, akaketi bila kukaribishwa, "vidole tulijua. Nani hajui ku avenue hii? Unafikiri ni sababu gani kila nyumba wanakupatia kikombe nusu?"

Papa Honoré akamtazama. Miaka miwili alikuwa akinywa chai nusu kikombe kila anakokaribishwa, na aliamini ni vita. Alikuwa hata ameshawahi kutoa hotuba juu ya jambo hilo: kwamba barebeli wameipunguza nchi mpaka ndani ya vikombe. Watu walikuwa wamemsikiliza kwa heshima, wakiuma midomo.

"Wote?"

"Wote. Hata miye," Maman Adélaïde akasema kutoka jikoni.

"Kile hatukujua," Marie-Louise akaendelea, "ni kama utaweza kusema. Muzee mwenye kuficha mikono, kesho ataficha pete moja ya pembe ju ya aibu. Njo nilimutafuta Gérard. Sasa Papa Apollinaire amepita kwangu asubuhi. Yuko na dada yake, binti wa ule dada anaolewa Kabare, ng'ombe iko ng'ambo ya bonde, haifikiki. Nikamuuliza, unataka nani? Akasema, ule aliyetufedhehesha. Mutu mwenye kujisema mwenyewe mbele ya wakwe, ng'ombe atamudanganya nini?"

"Na Gérard?"

"Miye ntakushika bega," Gérard akasema. "Na ukinifundisha mambo ya kwato, ntafurahi. Kwato, miye nazitupaka siku zote."

Papa Honoré akarudisha pile mahali pake, moja baada ya nyingine; ilimchukua muda, na hakuna aliyejaribu kumsaidia. Halafu akamwita mke wake.

"Adélaïde, leta chai. Na ujaze."

Akajaza mpaka ukingoni. Papa Honoré akakishika kikombe kwa mikono miwili, akakiinua kwa safari yake ndefu. Kiasi kikaenda kwenye koti jeusi, kiasi kwenye goti la Gérard, na kiasi kwenye mkeka. Robo tatu ilifika mdomoni, na kwa hesabu hizo za vita, robo tatu ni nyingi kuliko nusu.